Picha za Chapa na Wenye Kuziweka

Wasomaji wetu, mtu akiingia katika nyumba zetu za Mbulu na Hanang hakosi kuona picha ukutani. Ataona kalenda ya mwaka uliopita, picha ya harusi, labda na ukurasa uliokatwa gazetini kwa sababu una picha nzuri. Picha hizo hukaa hata moshi wa jiko uzitie weusi au mende wazile, kisha huondolewa na kutupwa. Hapana aonaye hasara, maana twasema, "Ni karatasi tu." Leo tumeona yafaa kueleza habari za watu waliozitazama karatasi za namna hiyo kwa macho mengine, huko Ulaya na Japani, ili tujue kazi yao ilileta faida gani, na sisi tuna deni gani katika jambo hili.

Kwanza yatupasa kufahamu picha ya chapa ni kitu gani. Picha iliyochorwa kwa rangi juu ya kitambaa ni moja tu; ikiungua, imekwisha. Lakini picha ya chapa huzaliwa katika bamba au ubao, na ubao mmoja hutoa nakala nyingi. Njia ni nyingi, ila mbili ndizo zilizosifiwa zaidi. Njia ya Wajapani ni ya ubao. Fundi huchonga ubao akiacha mistari imeinuka, hutia rangi, huweka karatasi juu yake, kisha huisugua karatasi mgongoni. Kila rangi huwa na ubao wake, hata picha moja yaweza kutaka mbao kumi au zaidi. Njia ya watu wa Ulaya ni ya shaba. Bamba hupakwa nta, mchoraji huchora juu ya nta kwa sindano hata shaba ionekane, kisha bamba hutiwa katika tindikali. Tindikali hula shaba mahali palipochorwa tu. Baadaye nta huondolewa, wino huingizwa katika mifereji ile midogo, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa kwa mtambo hata iunyonye wino.

Katika Ulaya fundi mkuu wa kazi ya shaba alikuwa Rembrandt wa Uholanzi (1606–1669), aliyefanya mabamba yapatayo 300. Mchuuzi asiyeweza kununua picha kubwa ya rangi aliweza kununua karatasi moja ya Rembrandt na kuiweka katika jalada nyumbani mwake. Ndivyo ulivyoenea ukusanyaji. Huko Ufaransa padre mmoja, Michel de Marolles, alikusanya picha za chapa 123,000 hivi, na mwaka 1667 zilinunuliwa kwa ajili ya Mfalme Louis wa 14. Ndizo zilizokuwa msingi wa hazina ya picha katika maktaba ya taifa mjini Paris.

Tena wakusanyaji wale walikuwa na desturi ya kutia muhuri mdogo katika karatasi zao, ili ijulikane picha imepita mikononi mwa nani. Mwaka 1921 Mholanzi aitwaye Frits Lugt alitoa kitabu kikubwa cha mihuri hiyo, kitumikacho hata leo. Wachoraji wa siku hizi nao huandika chini ya picha, kwa kalamu ya risasi, jina lao na hesabu ya nakala. Ukiona 5/50, maana yake ni kwamba hii ni nakala ya tano katika nakala hamsini. Kwa hiyo kukusanya si kulundika. Ni kujua kitu kimetoka wapi, na kuandika ulivyojua.

Sasa na tutazame Japani. Katika karne ya 18 na ya 19 picha za ubao zilikuwa vitu vya bei ndogo, kadiri ya bei ya bakuli la chakula. Watu wa mjini walizinunua, wakazitazama, wakazichoka, kama sisi na kalenda zetu. Baada ya nchi ile kufungua bandari zake kwa wageni, na hasa baada ya maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867, Wazungu walizistaajabia, wakaanza kuzinunua kwa maelfu. Wajapani wengi waliziacha ziende, maana hawakuziona kuwa mali. Walipoamka, picha nyingi zilizo bora za babu zao zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari.

Mmoja aliyejaribu kuurudisha urithi huo alikuwa Matsukata Kojiro, mkuu wa kiwanda cha kuunda meli. Mnamo mwaka 1920 alinunua picha 8,000 hivi za Kijapani kutoka kwa Henri Vever, sonara wa Paris, akazirudisha kwao. Leo zimo katika Makumbusho ya Taifa mjini Tokyo. Tazameni jambo hili: ilimpasa Mjapani kwenda kununua Ulaya kwa mali nyingi vitu ambavyo jamaa zake walikuwa wameviuza kwa senti chache. Walakini tusiwalaumu Wazungu wale tu. Kama hawangaliziweka vizuri, Matsukata asingalikuta kitu cha kurudisha.

Wakati uo huo kazi yenyewe ilikuwa ikigeuka. Zamani mmoja alichora, wa pili akachonga, wa tatu akapiga chapa. Mwaka 1904 kijana Yamamoto Kanae alitoa picha ya mvuvi ambayo aliichora, akaichonga na kuipiga chapa mwenyewe, na wengi wakamfuata. Wengine walishika desturi ya kugawana kazi, lakini kwa picha za namna mpya. Hao walikusanywa na mchapishaji Watanabe Shozaburo, na mmoja wao alikuwa Kawase Hasui, mchoraji wa mvua, theluji na usiku. Hata ilipofika tarehe 1 Septemba 1923, tetemeko la nchi likaupiga mji wa Tokyo, na moto ukafuata. Watu zaidi ya 100,000 walikufa. Katika moto ule duka la Watanabe liliteketea, pamoja na mbao zilizochongwa na picha zilizokuwa akibani. Picha zile za kabla ya tetemeko zajulikana leo kwa sababu moja tu: nakala kadhaa zilikuwa zimekwisha kununuliwa, nazo zilikuwa katika nyumba za watu wengine, mbali na moto.

Tumeutaja moto ule kwa makusudi. Miaka mia moja baadaye, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Ndugu zetu zaidi ya 80 walikufa. Hao ndio wa kwanza kuliliwa, na hapana karatasi iwezayo kulinganishwa na mtu. Lakini nyumba zilizofukiwa zilifukiwa pamoja na vilivyokuwamo. Picha ya marehemu baba, ikiwa ilikuwa moja tu na imetundikwa katika ukuta ule, imekwenda na ukuta. Ikiwa nakala yake ilikuwa kwa shangazi huko Mbulu mjini, bado ipo. Hapo ndipo tunapoona maana ya nakala na maana ya wenye kuziweka.

Labda msomaji atauliza, "Je, nchi yetu hii ina picha za chapa zipasazo kukusanywa?" Zipo, tena za zamani. Mwaka 1892 Oscar Baumann, mtu wa Vienna, alitoka Tanga na msafara wenye bunduki, ametumwa na kamati ya Wajerumani ya kupinga biashara ya utumwa. Mwezi wa Machi alifika Ngorongoro, na baadaye akaliona ziwa Eyasi. Ilikuwa miaka ya taabu. Sotoka ilikuwa imewaua ng'ombe, na Baumann aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa. Katika safari hiyo, iliyokwisha mwaka 1893, alipita pia katika nchi ya Wairaqw na Wadatoga. Kitabu chake kilitolewa Berlin mwaka 1894, nacho kina picha 27 za ukurasa mzima na picha 140 ndogo zaidi.

Picha hizo zilifanywaje? Baumann alileta picha za kamera na michoro yake ya haraka. Kisha wachoraji wawili wa Austria, Rudolf Bacher na Ludwig Hans Fischer, wakazichora upya, na Fischer huyu alikuwa pia fundi wa picha za bamba la shaba. Ndipo zikapigwa chapa kwa njia mbalimbali, na mojawapo ilikuwa ya kutia picha katika bamba la shaba kwa nguvu za nuru, kisha kuliacha bamba liliwe na tindikali. Basi kati ya mtu aliyesimama mbele ya Baumann na karatasi iliyofika Berlin, ilipita mikono mingi ya watu wasiofuata msafara. Mwenye kukusanya picha kama hiyo hana budi kujiuliza ni kipi kilichoonwa kwa macho, na ni kipi kilichoongezwa na mkono wa mchoraji.

Tena hana budi kuyaangalia maneno yaliyo chini ya picha. Katika vitabu na ramani za siku zile mlima Hanang waandikwa Gurui, na Wadatoga waitwa Wamang'ati. Jina hilo walipewa na Wamasai, nalo maana yake ni adui. Mtu yeyote aliyepigwa picha akaandikwa "adui" amedhulumiwa mara mbili: jina lake mwenyewe limeachwa, na jina la kabila lake limetolewa kinywani mwa mpinzani wake. Msomaji wa Berlin hakuweza kusahihisha kosa hilo. Mzee wa Katesh aweza, akionyeshwa picha. Lakini wazee wetu wanapungua kila mwaka, na kila akiondoka mmoja, yako mabonde na nyumba na mapambo katika picha za kale yasiyo na mtu tena wa kuyatambua.

Wala tusidhani kwamba hasara ya Wajapani ni ya zamani na ya mbali. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt pamoja na vijana wachoraji walianzisha Nyumba ya Sanaa mjini Dar es Salaam. Humo picha za bamba la shaba zilifanywa kwa mikono ya Watanzania, na mmoja wao alikuwa George Lilanga (1934–2005), ambaye jina lake lilisikika mpaka ng'ambo. Wanunuzi wengi walikuwa wageni. Ni vyema fundi akipata riziki yake, lakini tujiulize, ni nyumba ngapi za walimu, ni shule ngapi za nchi hii, zilizonunua hata karatasi moja wakati bei ilipokuwa ndogo?

Basi tufanye nini? Hatusemi kila mtu awe Matsukata. Mali hiyo hatuna, wala haihitajiki. Uzuri wa picha ya chapa ni kwamba kuipata wewe si lazima umpokonye mwingine, kwa kuwa nakala ni nyingi. Siku hizi vitabu vingi vya kale vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na vyasomwa kwa intaneti. Nakala iliyotolewa hivyo si sawa na karatasi ya mwaka 1894 yenyewe, lakini yatosha kuwekwa mbele ya mzee na kumwuliza, "Babu, hapa ni wapi?"

Kwa shule yetu na kwa nyumba zetu, sanduku moja safi latosha kuanzia. Likae mahali pakavu, mbali na jiko na mchwa. Picha ziwekwe zimelala, na karatasi safi kati ya moja na nyingine. Zisibandikwe kwa gundi, maana gundi huzila. Zisikae juani, maana jua hunyonya rangi. Huko Marekani ndugu wawili wa jamaa ya Spaulding, walipoipa nyumba ya makumbusho ya Boston picha za Kijapani zaidi ya 6,000 mwaka 1921, waliweka sharti kwamba zisitundikwe kamwe mbele ya watu, ili nuru isizipaushe. Nasi tutundike nakala, tuweke ya asili sandukuni. Kisha nyuma ya kila picha tuandike kwa kalamu ya risasi, pasipo kukandamiza: mahali, mwaka, majina ya watu waliomo, na jina la aliyeitoa. Na nakala ya pili ikae katika nyumba nyingine, bonde jingine.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Jioni hii, kabla ya kuiondoa picha ile iliyotiwa weusi na moshi, tuigeuze kwanza. Ikiwa nyuma hapana neno, na mama angali hai, tumwulize ni nani yule aliyesimama kushoto, tukaliandike jina lake.