Kolwezi: huduma za watoto zianze kwa kusikia mzazi

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kazi zinazoharibu afya ya mtoto. Tangu 2019, masomo ya msingi ya serikali ni bure. Lakini Kolwezi watoto wangali wanaokota na kuosha madini. Kwa nini? Jibu analo mama, ao nkambo anayelea wajukuu: unga wa leo utatoka wapi?

Ndiyo maana masista wa Bon Pasteur wanaunganisha masomo ya watoto na kulima na kushona kwa wamama.

Kwenye masomo kuna pia komite ya wazazi, COPA. Huko mzazi aseme shida ya nyumbani mapema, mbele mambo hayajaamuliwa.