Kupe Hufuata Kwato

Nimefanya kazi ya mifugo Nachingwea na Ruangwa tangu ujana wangu, na nikiulizwa kupe walifika lini huku, huwa naanza na mbung'o. Ndiye aliyewazuia ng'ombe. Wamwera walilima mtama na muhogo, wakafuga kuku na mbuzi. Ng'ombe aliyepitishwa porini alikufa kwa nagana.

Kwa sababu hiyo nakisoma kwa uangalifu kitabu cha Yeoman na Walker kuhusu kupe wa Tanzania, kilichotoka mwaka 1967. Kazi kubwa ile, ninaiheshimu. Lakini kupe huokotwa kwenye mnyama, na pasipo ng'ombe wa kukagua, ramani hubaki nyeupe. Nyati, ngiri na pongo wa mapori haya walikuwa na kupe wao kabla ya mtu yeyote kuja na chupa ya spiriti.

Mkague ng'ombe kifuani, kwenye kiwele na chini ya mkia, utamkuta Amblyomma variegatum. Dume ana mgongo wa rangi ya chungwa wenye michoro myeusi, miguu ina pete nyeupe, macho yametokeza kama shanga. Jike ni wa kahawia, ana doa dogo tu la rangi. Mdomo wao ni mrefu, huzama ndani ya ngozi. Kidonda kikioza, chuchu hupotea na ndama hukosa maziwa. Kupe huyu alisafirishwa na ng'ombe kutoka Afrika Magharibi hadi visiwa vya Karibi, na bado yupo huko.

Kwetu safari kubwa ilikuwa ya mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Usangu na wengi wakaelekezwa mkoa wa Lindi. Walikuja na mifugo yao kwenye vijiji vya korosho na ufuta visivyo na josho. Watu waligombania malisho na maji, na kupe hakuwa ajenda ya mkutano wowote niliohudhuria. Nililiona hilo kuwa kosa kubwa, na bado naliona hivyo. Kupe wa kahawia wa masikioni, Rhipicephalus appendiculatus, hushuka chini mara tatu maishani mwake: akiwa buu, akiwa tunutu, na jike akishiba akatage. Kila anaposhuka hubaki kwenye majani ya kijiji kile. Ndiye anayeeneza ndigana kali, kama mtaalamu wa wadudu Lounsbury alivyothibitisha Afrika Kusini mwaka 1904.

Mgumu kumtambua ni Rhipicephalus microplus, mzaliwa wa Asia. Kwa macho hutamtofautisha na kupe wetu wa buluu. Mweke chini ya hadubini uhesabu safu za meno ya mdomo: wetu ana tatu kila upande, mgeni ana nne. Hadubini ya kuhesabia meno hayo ingepaswa kuwepo kila wilaya inayopokea ng'ombe.