Mtoto Kati ya Baba na Mama: Toka Kijiji Mpaka Kambi

Kwa Basanga wa zamani, wenye nchi ya Fungurume, mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake. Baba alimzaa na kumlisha, lakini mwenye neno juu yake alikuwa mjomba. Jambo hilo lilisaidia sana siku za makelele. Bwana na bibi wakigombana, mtoto hakulazimishwa kuchagua: kwake kulijulikana tayari. Alienda kulala kwa mjomba ao kwa nkambo, na kwa nkambo kulikuwa hata na kucheka, maana nkambo na mjukuu hutaniana kama watu wa rika moja. (Tusisifu kupita kiasi: wajomba wakali walikuwako pia, na shamba lao lilihitaji mikono.)

Kambi ndiyo ilibadilisha mambo. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza karibu 1928 kutaka wafanyakazi wakae kambini na bibi na batoto. Nyumba na posho vilifuata kazi ya baba. Mjomba alibaki mbali. Bibi akifukuzwa, mtoto anabaki na baba, na shule na hospitali ya kampuni, ao anamfuata mama na kuviacha vyote. Hapo ndipo mtoto alijifunza kunyamaza, na kukawia njiani akitoka shule.

Halafu mwaka 1992 huko Likasi, na 1993 huko Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Mahali ambapo mama ni Musanga na baba Muluba wa Kasai, swali la zamani lilirudi kwa ukali, kwa sababu kwa Baluba wa Kasai mtoto ni wa baba. Mtoto mmoja, koo mbili zinasema ni wao. Siku mbaya, zote mbili zinaweza kumkataa. Treni za kutoka Likasi kwenda Kasai hupita hapa Fungurume kabla ya kufika Tenke. Ndani yake mulikuwa watoto walioacha mama nyuma.

Tangu mgodi wa Tenke Fungurume uanze kutoa shaba mwaka 2009, wageni wamejaa. Wengi wamepanga nyumba, wajomba wako Kamina ao Kananga. Kanuni ya Familia ya 1987 inamtaka jaji aangalie faida ya mtoto wazazi wakiachana, lakini jaji hafiki usiku. Mtoto anavuka lupangu, anaenda kwa jirani anayemuita "mama mukubwa" bila undugu wowote. Mara nyingi huyo mama hamuulizi kitu. Anamupa bukari, anamuonyesha pa kulala.