Damu ya Mtu Haichukuliwi kwa Siri

  

Leo tunazungumza juu ya jambo linaloleta ugomvi katikati yetu: waganga wanapokuja kujaribu dawa mpya kwa watu. Mmoja husema, "Wanakuja kutuponya." Mwingine hujibu, "Wanakuja kutuua na kuuza damu yetu." Kabla hatujaokota mawe, tusikilize historia.

Woga huu haukuzaliwa bure. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, mwaka 1932 serikali ilianza kuchunguza wanaume weusi wapatao 600, watu maskini wa mashambani. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli, waliambiwa kwamba wana "damu mbaya". Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa dawa inayojulikana ya ugonjwa huo, lakini wao walinyimwa, ili waganga waone ugonjwa utawafikisha wapi. Siri hiyo ilidumu miaka 40, mpaka magazeti yalipoifunua mwaka 1972. Mwaka 1997 Rais Clinton aliomba msamaha kwa jina la taifa lake.

Tena angalieni: mwaka huo huo wa 1947, kule Nuremberg, Ujerumani, mahakama iliwahukumu waganga wa Hitler waliotesa wafungwa kwa majaribio. Waamuzi waliandika kwamba mtu asijaribiwe pasipo kukubali mwenyewe kwa hiari yake. Mwaka 1964 chama cha waganga wa dunia, kilipokutana Helsinki, kiliandika kanuni zake vilevile. Kumbe sheria nzuri ilikuwapo, na wale wa Alabama waliendelea kudanganywa. Karatasi peke yake haimlindi mtu. Analindwa na watu wanaouliza.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ikafika Ituri pia. Watu wa Beni walikuwa wamezika ndugu zao waliouawa kwa mapanga miaka mingi, na wengi walijiuliza kwa nini dunia imekuja mbio kwa sababu ya Ebola tu. Mwezi wa Desemba uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili mganga mmoja aliyekuja kusaidia aliuawa Butembo.

Katikati ya moto huo, tangu Novemba 2018, uchunguzi wa dawa nne ulifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Uliongozwa pamoja na Profesa Muyembe, mtoto wa Kongo, na ukapewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waliingia. Mgonjwa au jamaa yake alielezwa na kuombwa ruhusa. Dawa ilichaguliwa kwa kura, si kwa ukabila wala kwa fedha, na hakuna aliyepewa maji matupu badala ya dawa. Agosti 2019, ilipoonekana kwamba dawa mbili zinashinda nyingine, kura ilisimamishwa ili wagonjwa wapate hizo mbili. Kwa dawa hizo, katika wagonjwa 100 walikufa kama 35. Kwa zile nyingine mbili walikufa kama 50.

Na mojawapo ya zile mbili ilitoka wapi? Ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Damu ya Mkongo imekuwa dawa ya dunia. Ndiyo maana ni haki yetu kudai kwamba dawa iliyojaribiwa kwetu ipatikane kwetu, hata kwa maskini.

Basi, baba na mama, wakija kwenu, msiwafukuze na msiwafuate kama vipofu. Waulizeni: Mnatafuta nini? Hatari yake ni ipi? Damu yetu itakwenda wapi? Nikikataa, au nikiacha katikati, nitatibiwa bado? Mtu wa kambi asiambiwe kwamba asipokubali atakosa unga au turubai. Huo si ukubali, ni kulazimishwa.

Ninyi viongozi, msikubali kwa niaba ya watu wenu wala msipokee bahasha. Kazi yenu ni kukusanya watu na kuhakikisha kila neno linaelezwa kwa lugha wanayoielewa. Mkisikia uvumi, wapelekeni wenye uvumi na waganga wakae chini ya mti mmoja.

Siri ilizaa woga, na woga ukazaa mawe. Ukweli nao huzaa imani. Anayetaka damu yako na aje mchana, akae, akujibu. Nawe ukimwona amekuja hivyo, mpe kiti.