Daftari la Bara Hindi

Msomaji kijana, bila shaka umepata kuusikia usemi wa wazee wetu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nitakueleza habari za mtu aliyefungua daftari la nchi nzima, akaonyesha mali yake ilikuwa ikipotelea wapi.

Dadabhai Naoroji alizaliwa mwaka 1825 katika jamaa maskini ya Waparsi wa Bara Hindi. Baba yake alifariki yeye angali mtoto wa miaka minne, akalelewa na mama yake. Alisomeshwa mjini Bombay bila kulipa ada, wala hakuusahau wema huo. Aliihesabu elimu yake kuwa deni alilopaswa kuwalipa watu wake. Akawa mwalimu wa hisabati, na mwaka 1855 akasafiri kwenda Uingereza kufanya biashara.

Wakati ule Waingereza walijisifu kwamba utawala wao umeiletea Bara Hindi neema. Naoroji hakuwajibu kwa matusi, bali kwa hesabu. Alizitwaa takwimu za serikali yenyewe, akajumlisha mazao ya nchi, akayagawanya kwa idadi ya watu. Mwaka 1876 alisoma matokeo yake mbele ya chama kimoja mjini Bombay: fungu la kila mtu lilikuwa kama rupia 20 kwa mwaka. Tena alilinganisha fungu hilo na gharama ya kumlisha na kumvika mfungwa, ikadhihirika kuwa mwizi gerezani alitunzwa vema kuliko mkulima asiye na hatia! Mali ilikwenda wapi? Ilivuka bahari kila mwaka, isirudi, ili kulipa mishahara, malipo ya uzeeni na gharama nyingine za watawala.

Mwaka 1886 aligombea kiti katika Bunge la Uingereza, akashindwa. Miaka miwili baadaye Waziri Mkuu, Lord Salisbury, alisema hadharani kwamba hadhani Waingereza wako tayari kumchagua mtu mweusi. Naoroji hakukata tamaa. Mwaka 1892 watu wa Finsbury, mjini London, walimchagua kwa kura chache mno, zisizozidi tano.

Huenda ukauliza, hesabu hizo zilifaa nini? Kweli, bungeni alikaa miaka mitatu tu, na mali haikuacha kuvuka bahari. Kwa miaka mingi aliamini kwamba Waingereza wakiujua ukweli watatenda haki, na baadhi ya vijana wakamwona mpole kupita kiasi. Lakini hesabu ilimfundisha hata yeye aliyeiandika. Mwaka 1906, akiwa mzee wa miaka 81, aliongoza mkutano wa chama cha Congress huko Calcutta, akatamka waziwazi kwamba dawa ni watu wake kujitawala. Alifariki mwaka 1917, miaka 30 kabla ya nchi yake kupata uhuru.

Basi, ewe mwanafunzi, siku utakapoiona hisabati kuwa kazi kavu isiyo na maana, mkumbuke mzee huyu. Malalamiko bila ushahidi hupita kama upepo. Lakini hesabu iliyo sahihi humkabili mwenye nguvu, naye hana la kuijibu. Tena mtu mwaminifu huifuata hesabu yake mpaka mwisho, hata ikimlazimu kuyaacha aliyoyaamini zamani.