Kicheza muziki cha mkononi

Kicheza muziki cha mkononi (pia: kicheza MP3) ni kifaa kidogo cha elektroniki kinachohifadhi nyimbo kwa mfumo wa kidijitali na kuzipiga popote alipo mtumiaji, kwa nguvu ya betri yake chenyewe. Sauti husikika kwa hedifoni au kwa spika iliyomo ndani ya kifaa.

Nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa na vifaa vingi: vicheza MP3 vyenyewe, simu za kitochi zenye nafasi ya memori kadi, simu janja, na redio ndogo zinazopokea flashi. Kwa mkazi wa kata za pembezoni mwa Dar es Salaam kama Chanika, katika Wilaya ya Ilala, ambaye hupanda daladala kupitia Pugu na Gongo la Mboto ili afike Kariakoo, uchaguzi wa kifaa hutegemea mambo manne: nafasi ya kuhifadhi, betri, sauti, na njia ya kupata nyimbo. Hilo la mwisho ndilo linaloamua gharama baada ya kifaa kununuliwa, na pia kama mwanamuziki atalipwa.

## Historia

Muziki wa Afrika Mashariki ulianza kuuzwa kwa wingi katika santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay, Uhindi, kurekodi nyimbo zake za taarabu. Baadaye zilikuja kaseti, na mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, iliyomwezesha mtu kutembea na kaseti yake.

Muundo wa MP3 ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya watafiti wa taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg. Kiunganishi ".mp3" kwenye majina ya mafaili kilichaguliwa mwaka 1995. Kicheza MP3 cha kwanza kuuzwa madukani kilikuwa MPMan F10 cha kampuni ya Saehan ya Korea Kusini, mwaka 1998. Kilikuwa na nafasi ya MB 32, yaani nyimbo nane hivi.

Mwaka huohuo kampuni ya Diamond ya Marekani ilitoa Rio PMP300, na chama cha makampuni ya kurekodi muziki nchini humo kikaishtaki. Mwaka 1999 mahakama ya rufani iliamua kwamba kifaa hicho kinaruhusiwa, kwa kuwa kinamsaidia mtu kuhamisha nyimbo alizo nazo tayari. Oktoba 2001 kampuni ya Apple ilitangaza iPod yenye diski ya GB 5. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 simu zilianza kuchukua nafasi ya vicheza muziki, na mwezi Mei 2022 Apple ilitangaza kuacha kutengeneza iPod.

Nchini Tanzania njia ilikuwa tofauti kidogo. Baada ya kaseti zilienea CD za MP3 zilizouzwa na wamachinga, ambapo diski moja ya MB 700 ilibeba nyimbo zaidi ya 100. Kisha memori kadi na simu za bei nafuu kutoka China ziliufikisha muziki wa kidijitali kwa watu ambao hawakuwahi kumiliki kompyuta.

## Namna kinavyofanya kazi

Faili la MP3 hupunguzwa ukubwa kwa kuondoa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu hulisikia kwa shida, kwa mfano sauti hafifu inayofunikwa na sauti kubwa kwa wakati uleule. Kiasi cha taarifa kinachobaki hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Kadiri namba hiyo inavyoshuka, faili huwa dogo na sauti hupungua ubora. Upungufu husikika kwanza kwenye milio mikali na ya haraka, kama ya matoazi na kayamba.

| Kiwango cha sauti | Wimbo wa dakika 4 | Idadi katika kadi ya GB 8 |
|---|---|---|
| MP3, kilobiti 128 | MB 3.8 | nyimbo 2,000 hivi |
| MP3, kilobiti 192 | MB 5.8 | nyimbo 1,400 hivi |
| MP3, kilobiti 320 | MB 9.6 | nyimbo 800 hivi |
| Sauti ya CD isiyopunguzwa | MB 42 | nyimbo 190 hivi |

Faili la kilobiti 128 likibadilishwa kuwa la 320 huongezeka ukubwa tu. Sauti iliyokwisha kuondolewa hairudi.

Miundo mingine ni AAC, WMA, Ogg Vorbis na FLAC. FLAC hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza sehemu yoyote ya sauti. Vifaa vya bei ya chini kwa kawaida hupiga MP3 na WAV, lakini si vyote vinavyopiga FLAC au AAC.

## Aina

* Kicheza MP3 cha pekee. Ni chepesi, hakina laini ya simu na hakihitaji intaneti. Vya bei ndogo havina kioo, hivyo mtumiaji hawezi kuchagua wimbo kwa jina. Vya bei kubwa, kama Walkman za kidijitali za Sony, hulenga ubora wa sauti.
* Simu ya kitochi. Hupiga nyimbo kutoka memori kadi, na betri yake hudumu kwa muda mrefu. Nyingi hazipokei kadi inayozidi GB 32.
* Simu janja. Hupiga karibu miundo yote na kupokea muziki wa mtandaoni, lakini kioo na intaneti humaliza chaji mapema.
* Redio yenye nafasi ya flashi na kadi. Hutumika zaidi nyumbani, dukani na shambani. Ina spika yake, na huendelea kupokea matangazo ya redio bila nyimbo zozote.

## Mambo ya kuzingatia wakati wa kuchagua

### Nafasi ya kuhifadhi

Kifaa chenye tundu la memori kadi hudumu kuliko chenye nafasi ya ndani pekee, kwa sababu kadi inaweza kuongezwa, kubadilishwa au kuhamishiwa kwenye kifaa kingine. Kadi ndogo za aina ya microSD zimegawanyika katika makundi: za kawaida hufikia GB 2, SDHC hufikia GB 32, na SDXC huzidi hapo. Kifaa cha zamani huenda kisiisome kadi ya kundi la juu hata ikiingia vizuri katika tundu.

### Betri na matundu

Umeme unapokatika mara kwa mara, saa za kupiga muziki kwa chaji moja huwa na uzito kuliko sifa nyingine nyingi. Betri inayotolewa kwa mkono hubadilishwa kwa urahisi ikichoka. Iliyofungiwa ndani huhitaji fundi. Tundu la kuchaji likiwa sawa na la simu, waya mmoja hutosha kwa vifaa vyote. Tundu la hedifoni la milimita 3.5 hupokea hedifoni za kawaida, lakini baadhi ya simu mpya hazina tundu hilo na humlazimu mnunuzi kuongeza gharama ya hedifoni zisizo na waya.

### Sauti

Katika vifaa vya bei ya kati, hedifoni hubadilisha sauti kuliko kicheza muziki chenyewe. Kwa sababu hiyo ni afadhali kukisikiliza kifaa dukani kwa hedifoni zitakazotumika, pamoja na wimbo ambao mnunuzi anaufahamu vizuri.

### Bidhaa bandia

Udanganyifu unaojulikana sana ni wa memori kadi na flashi zilizorekebishwa ili zionyeshe nafasi kubwa kuliko iliyopo. Kadi iliyoandikwa GB 64 inaweza kuwa na GB 8 za kweli. Hupokea mafaili yote bila kulalamika, lakini yanayozidi nafasi halisi huharibika au hufuta yaliyotangulia. Njia ya uhakika ya kuipima ni kuijaza yote na kuyasoma mafaili upya, kazi inayofanywa na programu za bure kama H2testw na F3. Kwa sababu kipimo hicho huchukua muda, risiti yenye jina la duka ni muhimu ili kadi iweze kurudishwa.

Kwa upande wa simu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini mwezi Juni 2016. Namba ya utambulisho wa simu (IMEI) huonekana kwa kubonyeza *#06#, na inapaswa kulingana na iliyoandikwa kwenye boksi.

## Upatikanaji wa nyimbo na hakimiliki

Nyimbo hupatikana kwa njia tatu kuu.

Ya kwanza ni kibandani, ambapo mwenye kompyuta huingiza nyimbo kwenye kadi ya mteja kwa malipo madogo. Ya pili ni kurushiana kwa bluetooth au kwa programu za simu. Njia hizi mbili hazihitaji kifurushi cha intaneti, na ndizo zilizosambaza Bongo Flava, taarabu na kwaya hadi mahali pasipo na duka la muziki. Kwa kawaida msanii hapati chochote kutokana nazo: mteja amelipa, lakini fedha zimebaki kibandani.

Ya tatu ni huduma za mtandaoni. Mdundo ilianzia Nairobi, Boomplay ilianza mwaka 2015 ikihusiana na simu za TECNO, na Spotify ilifika Kenya na Tanzania mwaka 2021. Huduma hizi huwagawia wenye haki sehemu ya mapato, lakini humgharimu msikilizaji kifurushi. Kusikiliza saa moja kwa kilobiti 128 hutumia MB 58 hivi. Kwa saa mbili kila siku hiyo ni karibu GB 3.5 kwa mwezi. Anayepakua nyimbo mara moja na kuzirudia hupunguza gharama hiyo sana. Hata hivyo, nyimbo zilizopakuliwa ndani ya huduma ya kulipia kwa kawaida hufungika malipo yanapokoma, tofauti na faili lililonunuliwa.

Tanzania Bara hakimiliki inalindwa na sheria namba 7 ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA. Katika miaka ya 2020 Tanzania ilianzisha pia tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vinavyoweza kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa, ili sehemu ya bei ya kifaa iwafikie wasanii.

Memori kadi hupotea na kuharibika. Kwa rekodi za zamani ambazo hazipo mtandaoni, kama kaseti za harusi au za kwaya ya mtaa zilizogeuzwa kuwa MP3, nakala ya pili kwenye kadi au kompyuta nyingine huwa ndiyo kinga pekee.

## Usalama wa masikio

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Ndani ya daladala yenye kelele msikilizaji hupandisha sauti bila kujua. Hedifoni zinazoziba tundu la sikio vizuri humwezesha kusikia muziki kwa sauti ya chini. Mlio wa kudumu masikioni baada ya kusikiliza ni dalili kwamba sauti ilikuwa kubwa mno. Uharibifu wa chembe za kusikia za sikio la ndani hauponi. Wakati wa kuvuka barabara au kupanda bodaboda inafaa kuvua hedifoni.

## Tazama pia

* Santuri
* Simu janja
* Hakimiliki
* Bongo Flava