Baraka: Miwani ya 3D ilikufa, kasi ya skrini ikabaki

Mjini Baraka, wilayani Fizi, Kivu ya Kusini, vijana wawili wa familia moja iliyokimbia vita huko milimani wana ubishi. Wanataka kufungua chumba cha kuchezea PlayStation. Mkubwa anataka skrini ya kasi ya hezi 144. Mdogo amepata televisheni iliyotumika yenye miwani ya 3D, na anasema wateja watajaa hadi nje. Mama yao, aliyeweka akiba hiyo kwa kuuza ndagala, anauliza neno moja tu: kipi kitarudisha pesa?

Ndugu msikilizaji, historia inaweza kumjibu mama huyu.

Hezi ni hesabu ya mara ambazo skrini inabadilisha picha kwa sekunde moja. Zamani hakuna aliyechagua hesabu hiyo, kila nchi ilikuwa na mfumo wake. Congo ilifuata mfumo wa Ufaransa, SECAM. Tanzania, ambako wengi wetu tulikimbilia tangu 1996, ilifuata PAL. Ukichomeka deki ya PAL kwenye televisheni inayojua SECAM peke yake, unapata picha bila rangi. Kasi ilikuwa moja pande zote mbili za ziwa, picha 50. Japani na Marekani walikuwa na 60, ndiyo maana michezo mingi ya Japani ilipofika nchi za PAL ilikwenda polepole, karibu asilimia 17.

Miwani nayo ina historia ndefu. Kila jicho linaona kitu kwa pembe yake, na ubongo unaunganisha picha hizo mbili ili kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha jambo hilo mwaka 1838. Mwaka 1987 Sega na Nintendo waliuza Japani miwani ya kuchezea, ambayo vioo vyake vinafunga na kufungua kwa zamu: jicho la kulia, kisha la kushoto. Shida ikawa hapo. Picha 60 zikigawanywa kwa macho mawili, kila jicho linabaki na 30. Picha inapepesa, kichwa kinauma.

Dawa ilikuwa kuongeza kasi mara mbili. Mwaka 2009 kampuni ya Nvidia ilileta miwani yake, na pamoja nayo zikauzwa skrini bapa za hezi 120, ili kila jicho lipate 60 zake. Mwaka uliofuata, mechi kadhaa za Kombe la Dunia la Afrika Kusini zilipigwa kwa 3D.

Lakini watu walichoka haraka. Miwani inatia picha giza, kila mtazamaji anahitaji ya kwake, na mashine inalazimika kuchora kila picha mara mbili. Kufika 2017 LG na Sony walikuwa wameacha kutengeneza televisheni za 3D. Mwaka 2019 Nvidia nao wakaacha kuhudumia miwani yao.

Kasi haikufa na miwani. Wachezaji waliivua, wakaona skrini ya hezi 120 bado inawafaa: mpira unakwenda laini, na picha mpya inafika kila baada ya sehemu 8 za elfu moja ya sekunde, badala ya 17. Kwa hiyo skrini za 144 zikafuata.

Basi mkubwa ameshinda? Bado. PlayStation 3 na 4, ambazo ndizo mashine wanazoweza kununua, zinapeleka picha 60 tu kwenye skrini. Hezi 144 zitakaa bure mpaka mtu alete kompyuta yenye nguvu au PlayStation 5, inayofika 120. Na televisheni ya mdogo? Miwani ikivunjika, ya kubadilisha ataitoa wapi?

Jibu kwa mama ni hili: televisheni ya kawaida ya hezi 60, iliyo nzima, inatosha. Pesa itakayobaki inunue betri na paneli ya jua, kwa sababu umeme ukikatika, hezi 144 na hezi 60 zote ni sifuri.